Binti yangu (miaka 13) mgongo umepinda nyuzi 28. Mazoezi ya tumbo yapi yanamfaa?

FundiMama_Moro ameandika:

Habari zenu humu jukwaani. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona sare za shule kuliko kitu kingine chochote. Nina swali la mazoezi ya tumbo, lakini nisipoeleza tulikotoka hamtanielewa, kwa hiyo mnivumilie.

Mwezi wa kwanza nilimshonea binti yangu sare za kidato cha kwanza. Nilipomvalisha sketi nipime upindo, upande wa kushoto ulipanda juu karibu sentimita mbili. Nikafumua, nikapima upya, nikashona upya. Ikarudi vilevile. Nina miaka 19 kwenye cherehani, sketi ya marinda siwezi kuikosea mara mbili. Siku ya tatu nikamwambia avue shati nimpime mwilini, na hapo ndipo nilipoona. Kiuno cha kushoto kimeingia ndani, cha kulia kimenyooka kama ubao. Bega la kulia liko juu. Nikamwambia ainame kama anaokota sindano, na upande wa kulia wa mgongo, pale kwenye mfupa wa bega, ukainuka kama mkate unaoumuka. Mtoto haumwi popote. Anacheza netiboli, anakula, analala vizuri.

Hospitali ya kwanza walimpiga eksirei amelala kitandani, wakasema ni nyuzi 19, tusiwe na wasiwasi, atanyooka akikua. Moyo haukutulia. Tukapanda treni hadi Dar, na daktari wa mifupa huko alipoona ile picha aliuliza swali moja tu: alikuwa amesimama? Nikasema hapana. Akasema mgongo wa namna hii hupimwa mtu akiwa amesimama, kwa sababu akilala uzito wa mwili unaondoka na mkunjo unalegea. Akapiga upya amesimama: nyuzi 28, umepinda kuelekea kulia, sehemu ya kifuani. Nyuzi nilizokuwa nazijua mimi ni za cherehani, hizi za mgongo nimeanza kujifunza siku hiyo.

Akaandika mkanda mgumu wa plastiki, avae saa 18 kwa siku, na mazoezi ya "kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo". Kwenye mazoezi walitupa karatasi yenye picha sita na maelezo ya Kiingereza. Dakika kumi, tukatoka.

Nyumbani sasa kila mtu ni mtaalamu. Baba yake mdogo anakwenda jimu, akasema tumbo ni sitapu (kulala chali na kuinuka hadi kukaa), apige 100 kila jioni. Bibi yake anasema ni ndoo za maji zilizompinda, akandwe kwa mafuta ya nazi. Jirani anasema mkanda utamlemaza misuli, akiuvua atakuwa kama nguo isiyo na bitana.

Sitapu alizipiga siku tisa. Nilikaa kwenye kigoda karibu na miguu yake nikimhesabia, na jicho la fundi halitulii: kila alipoinuka, kifua kilikuwa kinageukia upande uleule mmoja. Hata mara moja hakuinuka sawa. Shingo ikaanza kumuuma, nikasimamisha.

Maswali yangu ni haya. Tumbo linahusika vipi na mgongo uliopinda pembeni? Mazoezi yapi hasa? Yatamnyoosha? Na hili la mkanda kulegeza misuli ni kweli? Amevunja ungo miezi mitatu iliyopita, na daktari aliuliza sana kuhusu hilo, ila sikuelewa kwa nini.

---

Kocha_Mbeya ameandika:

Pole sana mama, na hongera kwa jicho hilo.

Mimi nafundisha riadha sekondari. Nataka nimpe binti moyo kwanza. Usain Bolt ana mgongo uliopinda, amelisema mwenyewe hadharani, na ndiye aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 pale Berlin mwaka 2009. Alieleza kwamba akizembea mazoezi ya tumbo na mgongo anaumia, akiyafanya hapati shida. Kwa hiyo netiboli asiache.

Pili, kuna utafiti ulitoka New York mwaka 2014. Wagonjwa walifanya planki ya ubavu, ile ya kulalia kiwiko mwili ukiwa juu, upande mmoja tu, ule mkunjo ulikotunia. Mikunjo yao ilipungua kwa wastani wa theluthi hivi. Zoezi moja tu, kila siku. Ningeanza na hilo.

---

Fizio_Moshi ameandika:

Dada fundi, salamu. Mimi ni mfiziotherapia, nina miaka 16 kwenye kazi hii, na watoto wa mgongo wa aina hii nimewahudumia sana. Nitakujibu kwa lugha ya kitambaa, kwa kuwa umeshaitumia mwenyewe.

Ukuta wa tumbo ubavuni una vitambaa vitatu vilivyolaliana. Cha nje nyuzi zake zinashuka mshazari kutoka mbavuni kwenda mbele, kama mtu anayeingiza mkono mfukoni. Cha kati nyuzi zake zinakwenda mshazari wa kinyume. Cha ndani kabisa, chembamba kuliko vyote, nyuzi zake zimelala kimlalo kutoka mgongoni hadi mbele, kama mkanda. Hicho cha ndani ndicho bitana. Kwa nyuma kimeshonwa kwenye utando mgumu unaoshika pingili za kiunoni, kwa juu kinakutana na kiwambo, msuli wa kupumulia. Ule msuli wa mbele ambao shemeji yako anautafuta kwa sitapu uko nje ya hesabu hii. Kazi yake kubwa ni kukunja mwili mbele.

Watafiti wa Australia mwaka 1996 walionyesha jambo ambalo nalipenda sana: mtu mwenye mgongo mzima akiinua mkono tu, bitana inakaza kabla mkono haujaanza kusogea. Mwili unajifunga mkanda kwanza, ndipo unafanya kazi. Yote hayo yanatokea bila wewe kufikiri.

Sasa njoo kwa binti. Mgongo wake haukupinda pembeni tu, umejizungusha pia. Ndiyo maana akiinama upande mmoja unaumuka: ni mbavu zimezungushwa na pingili. Kitambaa cha nje cha tumbo kimeshonwa kwenye mbavu hizohizo. Mbavu zikizunguka, upande mmoja unavutwa na wa pili unakaa kwenye mkao mfupi. Shona gauni kwenye mwili uliozunguka uone kama mishono itakaa. Watafiti wamepima unene wa misuli hii kwa utrasaundi, kulia na kushoto, kwa vijana wenye mkunjo na wasio nao, na majibu hayafanani kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Mimi sichukulii kwamba tumbo dhaifu ndilo lililompinda. Aina hii ya mkunjo, inayoanza mtoto akibalehe bila chanzo kujulikana, ndiyo iliyo nyingi, karibu 8 kati ya kila 10. Si ndoo, si begi la shule, si godoro, na wala si uzembe wa mama. Mwambie bibi yake hivyo, kwa heshima. Kumkanda kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya kama mtoto anaburudika, lakini hakusogezi pingili.

Ulichokiona pale kwenye kigoda ndicho jibu la sitapu. Akiinuka anageukia upande mmoja kwa sababu mwili unapita njia uliyoizoea. Mara 100 kwa siku ni kuurudia mzunguko uleule mara 100. Mimi wagonjwa wangu siwapi sitapu.

Kuhusu kuvunja ungo: daktari aliuliza kwa sababu anapima muda uliobaki. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi kabla ya hedhi ya kwanza, halafu kasi inapungua, na kwa kawaida anaendelea kukua miaka miwili hivi. Mkunjo nao hukimbia wakati huohuo. Upande uliobanwa wa pingili unakua polepole, ulioachiwa unakua haraka, mwisho pingili inakuwa na umbo la kabari. Binti yako bado ana muda huo mbele yake, na hapo ndipo mkanda unapofanya kazi. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya waliopewa mkanda, 72 kwa kila 100 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, ambako ndiko habari za upasuaji zinakoanzia. Waliofuatiliwa tu bila mkanda walikuwa 48. Na waliouvaa angalau saa 13 kwa siku walivuka 90.

Kwa hiyo nakwambia waziwazi: kwa nyuzi 28 na umri wake, mazoezi peke yake hayatoshi, wala hayatamnyoosha kama rula. Mkanda ndio unaozuia. Mazoezi yanamfundisha mwili wake kujishika katika mkao ulionyooka zaidi, yanampa pumzi upande uliobonyea, na yanamfanya asilegee ndani ya plastiki. Hofu ya jirani ina msingi kidogo: mwili ukishikwa mchana kutwa misuli inafanya kazi kidogo zaidi. Dawa yake ni mazoezi na netiboli katika saa zile sita za nje ya mkanda. Kuuacha mkanda si dawa.

Anza na hili, na nakuomba ulifanye mwenyewe kwanza kabla ya kumfundisha.

Alale chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Chukua kanga, ikunje iwe na upana wa vidole vinne, mfunge kiunoni chini ya kitovu. Usikaze, iguse tu. Avute hewa kwa pua, mbavu zipanuke pembeni. Halafu atoe hewa kwa mdomo taratibu, kama anayepooza uji. Hewa ikitoka, aivute sehemu ya chini ya tumbo iachane na kanga. Kanga lazima ilegee. Ikikaza, amesukuma tumbo nje, amekosea. Mbavu zikiruka juu, amekosea. Akibana pumzi, amekosea, na hilo ndilo kosa la kila mtu. Ikilegea, ashikilie hapohapo sekunde tano huku akipumua kidogokidogo. Mara kumi. Weka vidole viwili ndani kidogo ya mfupa wa nyonga: utasikia kitu kinakaza polepole kwa ndani, kama kitambaa kinachovutwa kwenye fremu ya kudarizi. Kikikurusha vidole ghafla, huo ni msuli wa nje.

Akiliweza wiki mbili, alifanye amekaa, halafu amesimama mbele ya kioo. Kioo ni lazima. Mama mmoja Mjerumani, Katharina Schroth, alikuwa na mkunjo yeye mwenyewe na aliwahi kuvaa mkanda wa chuma. Alijifundisha mbele ya vioo akitazama jinsi mpira uliobonyea unavyojaa ukipulizwa, na mwaka 1921 akaanza kuwatibu wengine. Njia yake bado inatumika duniani: kuunyoosha mwili urefuke, kuuzungusha urudi, kupeleka hewa upande uliobonyea, na ndipo misuli ikazwe katika mkao huohuo. Mpangilio huo ndio wenye maana. Ukikaza kabla ya kunyoosha, unafunga kifungo kwenye tundu la nguo nyingine. Hatua hizo za kuzungusha usizifanye kwa kusoma hapa, zinapimwa kwa mkunjo wa mtoto mwenyewe. Tafuta mfiziotherapia amwone hata mara nne.

Kocha, nakushukuru kwa kumtaja Bolt, ni kweli na watoto wanapenda kusikia. Utafiti wa New York naujua. Walikuwa watu 25, wakubwa na wadogo pamoja, bila kundi la kulinganisha, na siku walizofanya zoezi walijihesabia wenyewe. Planki ya ubavu naitumia, lakini baada ya bitana kuamka, na naanza kwa magoti yakiwa chini. Mkunjo wa binti umetunia kulia, kwa hiyo angelalia kiwiko cha kulia. Wenye mikunjo miwili hesabu inabadilika, usibahatishe.

Kitu kimoja cha haraka: akianza kuumwa mgongo usiku, ganzi miguuni, kujikwaa, au kushindwa kuzuia mkojo, usingoje tarehe ya kliniki.

---

Tanga_Raha99 ameandika:

Shikamoo mama. Mimi nilivaa mkanda kuanzia miaka 12 hadi 15, hapa Tanga, na joto letu unalijua.

Niseme ambayo hakuniambia mtu. Wiki mbili za kwanza nililia kila usiku. Haukuwa unauma sana, ila nilikuwa siwezi kujikunja nilale kama nilivyozoea. Mama hakunilazimisha saa zote kwa siku moja. Tulianza saa nne, halafu sita, halafu nane, hadi ikafika, ndivyo mtengenezaji wa mkanda alivyoelekeza. Usiku ndio uliobeba saa nyingi, kwa sababu usiku hakuna anayekuona.

Vesti za ndani mimi ndizo zilinitesa. Mshono wa ubavuni unabanwa na plastiki unachimba ngozi hadi inakuwa nyeusi. Nilikuwa naivaa nje ndani. Wewe ni fundi, mshonee za pamba nyepesi zisizo na mshono ubavuni, ndefu zipite makalioni, za kubana ili zisijikunje. Awe nazo nyingi, jasho likilowa abadilishe. Wala msimpake mafuta wala losheni sehemu inayokaa mkanda, ngozi inalainika halafu inachubuka.

Kuhusu tumbo: nilipewa zoezi la kanga linalofanana na hilo la dada Fizio, na mwaka mzima sikuliamini kwa sababu halitoi jasho. Nilikuja kuliamini nilipokuwa nikiuvua mkanda jioni. Siku nilizofanya, nilisimama. Siku nilizoacha wiki, nikiuvua nilikuwa najisikia kama nataka kuegemea ukuta. Mkunjo wangu ulianza na nyuzi 31 na ulipokoma nikiwa na miaka 16 ulikuwa 33. Leo nina miaka 25, nafanya kazi ya kusimama duka la dawa mchana kutwa.

Darasani kulikuwa na mvulana aliyekuwa akinigongagonga kama mlango. Mwalimu wangu wa Kiswahili alipomwona alimtoa nje, akarudi akawaelezea darasa zima mkanda ni nini. Baada ya siku hiyo waliniacha. Zungumza na mwalimu mapema, usingoje agongwe.

---

FundiMama_Moro ameandika:

Nimesoma majibu yenu mara tatu, mara ya pili nikiwa na binti pembeni. Tulipofika kwa yule mwenye kugongwa kama mlango alicheka halafu akanyamaza muda mrefu. Asante sana mwanangu wa Tanga. Marahaba.

Dada Fizio, zoezi nimelifanya mimi kwanza kama ulivyosema. Nimezaa watoto watatu, na kanga yangu haikulegea hata kidogo siku ya kwanza. Nilikuwa nabana pumzi. Ya nne ikalegea kidogo.

Binti naye anaiweza, ila kuna jambo. Vidole vyangu nikiviweka pande zote mbili, upande wa kulia unakaza mapema, wa kushoto unachelewa, na mara nyingine haukazi kabisa mpaka nimwambie. Nimesikia vizuri au ni mawazo yangu? Na je, nimwongezee mara za kufanya upande wa kushoto?

Swali jingine: mkanda utakuwa tayari baada ya wiki mbili. Mazoezi ayafanye akiwa ameuvaa au ameuvua? Na baba yake anauliza kama ni sawa kwenda kupiga eksirei kila mwezi tuone maendeleo.

---

Fizio_Moshi ameandika:

Hongera kwa kanga ya siku ya nne. Wengi hukata tamaa siku ya pili.

Vidole vyako vinaweza kuwa sahihi, watoto wengi wa namna hii hawakazi sawa pande mbili. Lakini usimwongezee hesabu upande mmoja. Bitana haigawanywi hivyo kwa kulazimisha. Mrudishe polepole: aweke mkono wake mwenyewe wa kushoto pale pale, atoe hewa kwa muda mrefu zaidi, angoje kushoto kufike. Mara tano ambazo pande mbili zimefika ni bora kuliko kumi za kulia peke yake. Hilo la kuchelewa liandike, umwonyeshe mfiziotherapia atakayemshika.

Zoezi la kanga na la kioo afanye ameuvua, katika saa za mapumziko ya mkanda. Akiwa ameuvaa kuna kazi moja nzuri: wakati amekaa darasani, avute hewa aielekeze kwenye nafasi iliyoachwa upande wa kushoto, pale plastiki haigusi. Mkanda uliotengenezwa vizuri unasukuma upande uliotuna na unaacha dirisha upande uliobonyea. Mwambie mtengenezaji akuonyeshe dirisha hilo kwa kidole. Hapa Moshi tuna chuo cha TATCOT kinachowafundisha mafundi wa vifaa hivi tangu mwaka 1981, wahitimu wake wako mikoa mingi, kwa hiyo mkanda ukibana vibaya au binti akirefuka usisafiri Dar kabla hujauliza jirani.

Eksirei kila mwezi hapana. Kila baada ya miezi minne hadi sita inatosha akiwa anakua. Kwanza mionzi. Pili, mtu yuleyule akipima picha ileile mara mbili anaweza kutofautiana hadi nyuzi tano, kwa hiyo mtaona 28 leo, 31 mwezi ujao, mtalia bure. Waombe wapige kutoka nyuma kuja mbele, kifua cha msichana kinapata mionzi michache hivyo. Na amesimama! Hilo umeshalijua.

Kati ya picha na picha, tumia ulichonacho. Una futi ya fundi. Kila mwezi mpime urefu wake amesimama, halafu urefu wake amekaa, andika na tarehe. Ukiona amerefuka ghafla, piga simu kliniki, usingoje.

---

FundiMama_Moro ameandika (wiki saba baadaye):

Nilisema nitarudi.

Mkanda umekuja, una wiki tano mwilini. Tulianza na saa nne tukapanda kidogokidogo kama mwanangu wa Tanga alivyosema, sasa amefika 17. Bado moja. Dirisha la kushoto nilionyeshwa, nikaingiza ngumi yangu, inaingia nusu.

Vesti nimeshona tisa. Kitambaa cha fulana ya pamba, nimekikata kwa mduara mmoja kama soksi, mshono pekee uko mabegani. Ya kwanza ilijikunja kiunoni ikamwachia alama nyekundu, nikapunguza sentimita tatu upana na ya pili ikakaa. Kuna mama kutoka Kilosa ameniona kliniki naye ana kijana wa miaka 14 mwenye mkanda, nimemshonea nne. Mwenye mtoto anayevaa anitafute, vipimo ninavyohitaji ni mzunguko wa kifua, wa kiuno, wa nyonga, na urefu kutoka begani hadi chini ya makalio. Kwa hawa watoto napima ubavu wa kulia na wa kushoto mbali mbali.

Mfiziotherapia tumempata hapahapa Morogoro, kijana mpole, tumeonana mara tatu. Alipoweka vidole vyake alisema kushoto kunachelewa. Sikusema kitu, nilimtazama binti tu, naye akanitazama. Sasa anafanya amesimama mbele ya kioo cha chumba cha kujaribia nguo, baada ya wateja kuondoka. Anajinyoosha kwanza, anajizungusha kidogo kama alivyofundishwa, halafu ndipo anakaza. Mara nyingine namwona kioo kizima anasimama sawa kwa pumzi tatu au nne, kabla mwili haujarudi ulikozoea. Jana zilikuwa sita.

Baba yake mdogo amekuja Jumapili, akajaribu zoezi la kanga kwenye mkeka mbele yetu sote. Haikulegea. Amesema ataanza nalo kila asubuhi.

Urefu: mwezi uliopita amesimama sentimita 152.5, mwezi huu 153.3. Amekaa, 79 na sasa 79.4. Eksirei ni mwezi wa tisa. Sketi nimeshona mpya, upindo wa kushoto nimeuachia sentimita mbili ndani ili niweze kuushusha au kuupandisha.